Mbegu za Kongosho Juu ya Moshi

Yule bwana alikuwa ameshatuuzia miche ya mapeasi miaka ya nyuma, akaapa mbingu na ardhi kwamba itazaa mwaka wa tatu. Mpaka leo inazaa majani. Ukitaka kivuli, karibu kwa baba yangu, kwenye mteremko chini ya njia ya Irente, ukae chini ya mipeasi ya ahadi. Sasa Jumamosi moja nimepanda kutoka Lushoto mjini, ninakofundisha biolojia, nimekuja kumwona mzee kama kawaida yangu, namkuta bwana yuleyule sebuleni. Safari hii kavaa koti jeupe na anaitwa dokta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Dokta anatueleza habari za seli shina."

Lo! Nikakaa. Mbele yao palikuwa na kompyuta ndogo, na waya uliofungwa kwenye kijiti cha chuma. Mgonjwa anakishika kijiti, kompyuta inawaka rangi, inasoma mwili mzima kuanzia utosini hadi kwenye kucha. Baba alikuwa ameshakishika. Mashine imesema ini lake limechoka na kongosho limelala. Ajabu kubwa! Mashine imejuaje kwamba mzee ana sukari? Na chungu anachohifadhia insulini kiko pale kwenye kona, kimezikwa nusu katika beseni la mchanga mbichi ili dawa isipate joto, na sindano zimepangwa juu ya kitambaa kando yake. Hata mbuzi angepita mlangoni angegundua ugonjwa huo bila umeme.

"Mzee wangu," dokta akaendelea, anamwangalia baba tu, mimi ameshanijua, "seli shina ni mbegu. Unakoroga pakiti moja ya unga huu asubuhi na moja jioni. Zinashuka, zinashika kwenye ini, ini linanawiri. Halafu zinaingia kwenye kongosho, zinaota. Unapata kongosho jipya. Ni kama mahindi tu."

Baba amelima tangu hajaota ndevu. Kabichi, viazi, maharage, mahindi, udongo wa kule kwetu anaujua kwa kuuonja. Aliposikia neno mbegu akasogea mbele kwenye kiti. Nami nikaona hapa ndipo pa kumkomboa mzee wangu, na silaha niliyokuwa nayo ni ileile niliyozaliwa nayo. Marehemu mama alikuwa akiniambia mdomo huponza kichwa. Hakuniambia kichwa cha nani.

"Samahani dokta," nikasema. "Hizo seli zikifika tumboni zinajuaje njia ya kongosho? Kuna kibao? Au zinauliza wenyeji?"

Wazee wawili wa usharika, rafiki zake baba waliokuja kusikiliza, wakacheka. Nikanogewa.

"Tumbo linayeyusha nyama ya ng'ombe, dokta, ndilo lishindwe na unga wako wenye harufu ya vanila? Baba, huyu ndiye wa mapeasi! Ukimeza mbegu zake utaota majani masikioni!"

Mzee mmoja alicheka mpaka akamwaga chai kwenye suruali. Dokta naye akacheka, maana wafanyabiashara wa namna yake hawana aibu, aibu wameiacha stendi ya Mombo, chini ya mlima, kwenye mizigo. Baba peke yake hakucheka. Alivua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena. Jioni nikashuka mjini nikijisifu njia nzima. Nilidhani nimeshinda.

Alhamisi nikampigia simu.

"Mzima baba?"

"Mzima. Kiu tu, mwanangu. Nakunywa maji kama nini, na usiku mzima natoka nje."

Jamani, mimi ni mwalimu wa biolojia. Kiu na mkojo wa mgonjwa wa sukari nimeviandika ubaoni kila mwaka, nimevitungia mtihani, na waliokosa nimewaita vichwa maji. Unajua nilimjibu nini baba yangu mzazi?

"Ni mahubiri ya yule dokta, yamekukausha koo."

Akasema haya, usiku mwema.

Jumamosi iliyofuata sikuitikiwa hodi. Baba alikuwa kitandani, amekonda kwa siku saba kama aliyeugua mwaka, anapumua kwa nguvu na kwa kina kama mtu aliyetoka kupandisha gunia mlimani. Pumzi yake ilinuka mapeasi yaliyoiva yakapitiliza. Nyumba ambayo mipeasi yake haijawahi kuzaa! Nikakimbilia chungu. Mchanga umekauka kabisa, umekuwa vumbi. Chupa ya insulini ilikuwa palepale nilipoiacha, na haikuwa imepungua hata alama moja. Nikapiga kelele, jirani akaja na gari lake la kubebea kabichi, tukamlaza baba juu ya magunia matupu, tukashuka hospitali nimemshika kichwa. Njia nzima nilikuwa nasema usife baba, usife, nakuomba.

Alipata fahamu siku ya pili. Daktari, binti mdogo wa rika la wanafunzi wangu wa zamani, alikaa pembeni ya kitanda akamuuliza taratibu: "Babu, shikamoo. Sindano uliziacha lini?"

"Jumapili, mjukuu wangu."

"Nani alikuambia uache?"

"Hakuna. Ni mbegu. Ukishapanda hupigi dawa shambani mpaka iote, utaiunguza. Nikasema niache sindano kwanza. Kiu iliponibana nikajua ni zenyewe zinakunywa. Nikazinywesha."

Pakiti zilizobaki, katika zile alizonunua jioni ile nilipokwisha kuondoka, akasema, amezifunga kwenye kitambaa akazitundika juu ya jiko la kuni, kwenye uchaga tunakotundika mahindi ya mbegu yapate moshi yasitobolewe na wadudu. Nilipokwenda kuzitoa baadaye nilizikuta nyeusi kwa masizi, katikati ya mahindi ya msimu ujao. Alikuwa amezihifadhi vizuri sana.

Yule binti hakucheka. Hapo ndipo nilipoanza kuona haya. Alimwambia baba kwamba jambo lenyewe si uongo wote. Huko kwenye hospitali za utafiti, seli shina zinalelewa maabara mpaka ziwe seli za kutengeneza insulini, kisha zinaingizwa kwenye mshipa wa ini, na wapo wagonjwa waliopumzika sindano. Lakini wanasimamiwa na madaktari hatua kwa hatua, na wanameza dawa nyingine kali ili mwili usizikatae.

"Bado ni kitalu, babu. Hazijafika shambani. Na haziji kwenye pakiti. Zikifika, nitakuita mwenyewe."

Baba akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Dakika tano tu! Nilikuwa nayajua yote hayo. Nimeyasoma, ningeweza kuyasema palepale sebuleni. Nilichagua majani masikioni.

Nilimpigia yule wa koti jeupe nimtukane nipoe. Akanisikiliza, kisha akajibu kwa upole: "Mwalimu, mimi sikumwambia mzee aache sindano." Nikakata simu. Alikuwa amesema kweli, mshenzi yule.

Tulipobaki wawili nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, kwa nini hukuniambia umeacha?"

Aliniangalia bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

"Nilikupa habari ya kiu. Nikasikiliza utasemaje, ili nikuambie na lingine. Ukacheka."

Sasa nimehamia kwake, nakwenda kazini kwa bodaboda na kurudi. Mchanga wa chungu naulowesha mwenyewe. Kila alfajiri, kabla sijavaa viatu, baba anakaa kwenye kigoda, anapandisha shati, anashika sindano, halafu ananiita kwa sauti ya kufika kwa majirani:

"Mwalimu! Njoo ucheke!"

Nakwenda. Nasimama mbele yake, sisemi neno, mpaka amalize.