Sauti ya Baba Kwenye Dirisha la Dawa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi dirisha la dawa linafunguliwa, na mdomo wa kwanza unajitokeza. Ni mdomo, kidevu na mikono tu. Kioo kimepakwa rangi nyeupe kutoka juu hadi usawa wa pua, ili wanaokuja kunywa dawa wasikodolewe macho, kwa hiyo mwanamke aliyekaa ndani haoni nyuso. Hizo hukaguliwa na mlinzi getini, pamoja na kadi zao.

Mwanamke anabonyeza pampu. Methadoni inashuka kwenye kikombe kidogo cha plastiki, anakisukuma mbele. Mdomo unakunywa, unashushia na maji.

"Sema!" anaamuru.

"Shikamoo sista. Leo mke wangu kaninunia tangu naamka, sijui nimemkosea nini."

"Kamuulize mwenyewe. Mwingine!"

Ndiyo kazi yenyewe. Kliniki hii inawahudumia watu wanaojinasua kwenye unga wa heroini, na kila aliyekunywa dawa lazima aseme sentensi nzima kabla hajaondoka, kwa sababu aliyeificha shavuni hawezi kusema akaeleweka. "Asante" haikubaliki. "Asante unaweza kuisema hata ukiwa na yai zima mdomoni," anasema, na kujicheka mwenyewe. Wagonjwa wamembatiza Mama Sema, na siku hizi hata daktari anamwita hivyo.

Ana miaka 47. Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa wa unesi msaidizi, na minane ya mwisho ameimaliza kwenye kiti hiki, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Midomo 212 kwa asubuhi moja. Mwandishi wa makala haya, aliyeketi nyuma yake kwa saa tatu, alitoka pale akiogopa midomo ya watu.

"Nikikutana nao sokoni siwatambui," anasema. "Akisalimia tu, nishamjua, na dozi yake naijua."

Sasa sikilizeni yaliyomkuta mwaka juzi.

Ilikuwa Jumatano. Mikono mipya iliingia dirishani, saruji nyeupe imeganda kwenye kucha. Kadi ilisema fundi vigae, miaka 31, amehamia kutoka mji mwingine. Akanywa. Halafu akakigeuza kikombe kifudifudi, akakikandamiza kitako kwa kidole gumba, akasema, "Imeshapita hiyo, sista. Hata hodi haikupiga." Akacheka.

Mama Sema akaganda, kikombe cha mtu anayefuata kiko mkononi.

"Ilikuwa sauti ya baba," anasema, na hapa anaishusha ya kwake, ingawa chumbani tuko wawili tu. "Si kufanana. Ni yenyewe. Kile kicheko kinachoanzia puani. Kile kidole gumba kwenye kitako cha glasi. Baba nilimwona akifukiwa nikiwa na miaka kumi na minne, na sasa yuko dirishani ananiita sista."

Baba huyo alikuwa dereva wa lori, mcheshi, mtu wa watu, asiyejua kitu kinachoitwa kiasi. Akishika karata ni mpaka kunakucha, akishika usukani ni mpaka injini ilie, akishika glasi hanyanyuki. Ini lilimuua akiwa na miaka 41. Katika wanaume tisa wa ukoo huo ambao Mama Sema anaweza kuwahesabu kwa vidole, sita waliuawa na vilevi kabla ya kufika hamsini. Wa sita ni mdogo wake wa mwisho, tumbo moja na yeye, aliyekutwa amekaa kitini akiwa na miaka 26, sindano bado iko mkononi.

Kwa hiyo Alhamisi mikono ile yenye saruji iliporudi, alimimina dawa, akasukuma kikombe, na ile "Sema!" hakuitamka. Akaupungia mdomo ule mkono upite. Ijumaa hivyo hivyo. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

"Nilikuwa naogopa kuisikia tena," anasema. "Mtu mzima mimi, naogopa sauti! Nikajiambia, huyu anaonekana mstaarabu, akipita kimya kuna ubaya gani? Loo! Ubaya ulikuwepo."

Fundi vigae alikuwa na kipande cha sponji, ile ya kufutia rojo la vigae, amekikata kikae vizuri shavuni. Nusu ya dawa anameza, nusu inanyonywa na sponji, anakwenda kuikamulia kwenye kichupa. Sentensi moja tu ingemuumbua siku ile ile. Jumatatu mchana alikunywa akiba yote kwa mkupuo mmoja. Mafundi wenzake walimkuta chini katika bafu walilokuwa wakilijenga, midomo imebadilika rangi, akivuta pumzi moja halafu kimya kirefu.

Alizinduka wodini baada ya siku mbili. Daktari akamuuliza alikuwa anatafuta nini.

"Mimi kidogo kidogo hakinitoshi, daktari," alijibu. "Sijui nimeumbwaje. Kitu nikikianza nakitaka chote."

Mama Sema alikuwa amesimama upande wa pili wa pazia. "Hayo ni maneno ya baba," anasema. "Mama alikuwa akimgombeza, anajibu hayo hayo."

Aliandika mwenyewe taarifa ya kosa lake, akapewa onyo la maandishi. Anaona alihurumiwa. "Nilistahili kufukuzwa. Nusura nimuue kwa woga wangu." Kisha akarudi wodini, akavuta kiti, akamtazama yule mgonjwa uso mzima kwa mara ya kwanza, akamuuliza mama yake ni nani.

Mama yake alikuwa mpishi wa mgahawa kwenye kituo cha malori. Baba ni dereva fulani aliyefariki miezi mitatu kabla yeye hajazaliwa. Hakuwahi kumwona, hata kwa picha.

"Nilidhani sista amechanganyikiwa," anasema fundi vigae, ambaye sasa ana miaka 33, tukiwa kwenye ukumbi wa nyumba anayoipiga vigae. "Mtu nimemfahamu wiki moja, ananishika masikio, anasema ni ya baba yake, analia. Nikamwambia, dada, kama ni masikio chukua, mimi niachie roho."

Mwezi uliofuata dada huyo alimpeleka nyumbani kwa mama yake yeye, mjane wa yule dereva. Bibi ana miaka 78, mtoto wa jicho amemfunga macho karibu yote mawili, lakini akili yake iko timamu kuliko ya mwandishi. Alikuwa ameketi akikunja nguo, mgongo ameupa mlango.

"Hodi humu!" alisema fundi vigae.

Bibi hakugeuka. "Mbona leo umechelewa?" akajibu.

Mama Sema anasema alisikia maji ya kwenye sufuria yakichemka jikoni. Kisha mikono ya bibi ikasimama juu ya shuka.

"Si yeye," akasema. "Yeye nilimzika. Kumbe yale waliyokuwa wakisema watu ni kweli. Haya, mlete nimshike."

Akampapasa vidole kimoja kimoja, akafika kwenye gumba, akalishikilia. "Unakunywa, mwanangu?"

"Pombe niliiacha, mama. Nilihamia kwenye kingine."

"Ni kile kile," akasema bibi.

Daktari wa kliniki hapendi hadithi za mizimu. "Koo ni koo, sauti inarithiwa," anaeleza. "Wepesi wa kunaswa na kilevi nao unarithiwa kwa sehemu kubwa, pamoja na tabia zinazousukuma: kutotulia, kupenda hatari, kutaka sasa hivi. Hakuna jeni moja ya uraibu. Ziko nyingi, ndogo ndogo, na juu yake kuna maisha yenyewe, shida, marafiki, na unga kupatikana jirani. Anayezaliwa kwenye ukoo kama huu ana hatari kubwa zaidi. Hajahukumiwa."

Na kidole gumba kwenye kitako cha kikombe?

Daktari alifunga faili. "Hapo andika kwamba sijui."

Mama Sema hajawahi kuonja kilevi cha aina yoyote. "Watu wanadhani ni utakatifu. Ni hofu," anasema. "Najijua. Ijumaa moja nikiwa likizo nilianza kufuma sweta, nikanyanyuka Jumapili vidole vimevimba, sweta zipo mbili. Sasa ingekuwa chupa?" Aliposema hayo alikuwa amemaliza chai. Akakigeuza kikombe juu ya kisahani, gumba likatua kwenye kitako. Aliona kwamba nimeona, akaurudisha mkono mapajani na kuuficha kwenye mtandio.

Ndugu yake sasa ana miezi 22 bila unga. Kila asubuhi anakunywa, anasema, anacheka kile kicheko, na dada anajikaza akisikilize mpaka mwisho. Dozi imepunguzwa mara tatu. Kuanzia mwezi ujao, daktari akiridhika, atakuwa anapewa dawa ya wiki nzima aende nayo nyumbani, chupa saba, bila mtu wa kumsimamia. Kwa mtu anayekitaka kitu chote kwa mara moja, huo ndio mtihani, na yeye na dada yake wanalijua hilo.

"Mimi naogopa zaidi yake," anasema Mama Sema. "Akichelewa dakika tano tu, nainama kuchungulia foleni. Nahesabu kaka zangu na baba zangu, nasema tayari, na huyu kaenda."

Daktari amewaambia kwamba mambo yakienda sawa, mwishoni mwa mwaka kesho fundi vigae atakunywa dozi yake ya mwisho. Nilimuuliza Mama Sema siku hiyo atafanya nini. Alikuwa akifuta kibao cha dirisha kwa kitambaa.

"Siku hiyo nitalia, hilo halina mjadala," akasema. "Mimi naisubiri wiki inayofuata, siku yake ya kuchukua chupa. Nifungue dirisha, wapite wote, nifunge. Yeye asije. Na mimi nisishtuke."