Nilivyolala Kwenye Vichanja vya Majani Chai

Nilipanda ngazi za kiwanda kwa miguu yangu mwenyewe, sikuwa namtafuta mtu yeyote kule juu, na nililala kwa sababu nilitaka kulala. Hayo nimeyakana mbele ya mume wangu, mbele ya wazee wa kanisa, na mbele ya watoto wangu walipokua na kuisikia hadithi kwa watu wengine. Sasa nimefika umri ambao aibu haina mahali pa kunishika, kwa hiyo nisikilizeni.

Ilikuwa miaka ya thelathini na kitu. Nilikuwa nafundisha watoto wa vibarua katika shamba moja la chai si mbali na Kericho, na mume wangu, Eliya, alikuwa karani wa ofisi ya shamba hilohilo. Sisi ni watu wa ziwani, na mnajua watu wa milimani wanavyotucheka kwamba wingu likipita tu sisi tunatafuta blanketi. Mimi nilipofika nilijigamba kwamba baridi ya Kericho hainiwezi, nikawa naoga maji ya mtoni asubuhi ili majirani waone (walioniona walikuwa ng'ombe tu, lakini nilioga).

Baada ya kumzaa Atieno mambo yakageuka. Baridi iliniingia ikakaa. Nilivaa sweta juu ya sweta na bado meno yaligongana, nikanenepa ingawa chakula sikukitamani, uso ukavimba mpaka macho yakawa madogo, viganja vikawa na rangi ya manjano, na sauti yangu, ambayo ilikuwa ikiongoza kwaya, ikawa nzito kama ya mzee aliyeamshwa. Nilisema polepole. Nilitembea polepole. Darasani niliweza kuanza sentensi nikasahau nilikuwa naipeleka wapi. Eliya alisema ni uvivu wa wanawake waliosoma, nami nilikubaliana naye kimoyomoyo, maana ni mimi niliyewafundisha wasichana somo la bidii na kuamka mapema. Jirani yangu, Mama Chebet, ambaye alikuwa Mkipsigis na hakujua kuficha neno, aliniuliza waziwazi: "Mwalimu, wewe nasikia baridi?" Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimesimama juani.

Siku yenyewe ilikuwa Julai, ukungu umelala juu ya chai tangu alfajiri na manyunyu hayakomi. Nilipofunga shule nikapita kando ya kiwanda, na mlango wa ngazi ulikuwa wazi, na ile hewa ya moto inayopandishwa kutoka kwenye tanuri kwenda ghorofani kunyausha majani ikanigusa usoni. Ningepita tu, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini nilisema moyoni, dakika chache, nipashe mikono, nani atajua. Nikapanda. Kule juu majani mabichi yalikuwa yametandazwa kwenye vichanja vya gunia, kimoja juu ya kingine kama vitanda vya bweni, na harufu yake ilikuwa tamu kama ya matunda yaliyofunikwa. Kichanja cha chini kabisa kwenye kona kilikuwa kitupu. Nikakaa. Kisha nikajilaza kidogo. Kisha, jamani, nikapanda na miguu.

Niliamka kwa sauti za viatu. Bwana meneja alikuwa amewaleta wageni waone majani yanavyonyauka, akiongozana na Mzee Zakaria, ambaye alikuwa mnyapara mkuu wa kiwanda na pia mkubwa wa wazee wa kanisa letu, na wote walikuwa wamesimama wakiangalia miguu yangu. Nikataka kusimama kwa heshima. Mwili ukakataa, nikayumba, nikashika kichanja cha juu yangu, gunia likapasuka, na majani yakanimwagikia kichwani yakaendelea mpaka kwenye viatu vya mgeni mmoja. Nikafungua mdomo kuomba radhi, ulimi ukawa kama umefungwa kamba, maneno yakatoka yakiburutana.

Mzee Zakaria aliinama akaninusa. Mbele ya wageni.

Hapo ningesema ukweli, kwamba nilisikia baridi, mambo yangeishia kwenye kicheko. Lakini mimi mwenye kuoga mtoni niseme baridi? Nikasema nilikuwa namtafuta Kiprono, mnyapara wa zamu, kwa habari za mtoto wake shuleni. Kumbe Kiprono alikuwa Sosiot tangu juzi yake kwa shughuli za ukoo, na kila mtu kiwandani alijua isipokuwa mimi. Jioni ile mashamba yote yalikuwa na habari mbili, kwamba mwalimu amelewa na kwamba mwalimu ana mtu, na kesho yake mke wa Kiprono alisimama mlangoni mwa darasa langu, mikono kiunoni, bila kusema lolote, mpaka kengele ikalia. Afadhali angenitukana.

Wazee wa kanisa wakakaa. Shule ilikuwa ya kanisa, na mwalimu akionekana mlevi aliachishwa kazi na kutengwa, basi. Nami sikuwa na kazi nyingine wala jina lingine. Mzee Zakaria alieleza kwa haki tu alichokiona: uso uliovimba, manjano ya mtu aliyeharibika ini, ulimi mzito, usingizi wa mchana. Ukimsikiliza, hata mimi ningejifukuza. Kisha akamgeukia Eliya akamwuliza kama mke wake hunywa. Eliya aliangalia kofia yake. "Sijui," akasema.

Alikuwa mume wangu kwa miaka mingi baada ya hapo, na mwema, lakini neno lile halijawahi kutoka sikioni mwangu.

Mzee Zakaria akasema wangoje kidogo kabla ya kukata shauri. Katika kungoja huko Mama Chebet alinishika mkono akanipeleka hospitali ya misheni kule upande wa Sotik, bila kuniuliza. Dresa, msaidizi wa daktari aliyenipokea, aliona uvimbe akasema ni figo. Akaona viganja akasema na ini pia. Nikaanza kugawa vyombo vyangu akilini. Lakini daktari, mama mmoja wa misheni aliyekuwa na haraka kila wakati, alinibonyeza mguuni kwa kidole, shimo halikubaki, akachemsha mkojo wangu, ukabaki safi, akaniangalia weupe wa macho, ukawa mweupe. Akagonga nyuma ya kifundo cha mguu. Wayo uliruka, kisha ukarudi polepole kama mtu anayefikiria. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alitoa damu ipelekwe Nairobi, akasema atapiga simu ofisini kwetu.

Baadaye sana, nilipoingia chuo kikuu nikiwa mama mzima kati ya vijana, nilisoma kilichonipata. Shingoni kuna tezi ndogo, ndiyo inayouamrisha mwili wote kasi ya kazi, na yangu ilikuwa imezimika. Ini likaacha kuyaondoa mafuta kwenye damu, yakarundikana; figo zikachuja polepole na maji yakabaki mwilini; hata rangi ya mboga na maboga niliyokula ini halikuibadilisha, ikanikaa viganjani. Viungo vyangu havikuwa vimeoza. Vilikuwa kama vibarua ambao mnyapara wao amelala, na dawa yake ilikuwa vidonge vya tezi ya kondoo iliyokaushwa. Tangu nilipojua hayo nimeapa: nikisikia baridi nasema nasikia baridi, hata nikiwa wa kwanza kusema, hata wakicheka.

Simu ilikuja wazee wakiwa wamekaa mara ya pili, safari hii barazani pa ofisi kwa sababu ya mvua, nami nimesimama kando nimejifunga blanketi. Eliya ndiye aliyekuwa karani wa simu. Ilimbidi aipokee. Laini ilikoroma, akawa anarudia kila neno kwa sauti ili daktari ajue limefika, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mafuta ya damu ni mengi kupita kiasi. Ndiyo. Figo hazina ugonjwa. Ini halina ugonjwa. Ni tezi ya shingo." Akasikiliza. Nilimwona anaupa mlango mgongo. "Ndiyo, daktari, husikia baridi. Tangu mtoto azaliwe. Usiku hutetemeka mpaka kitanda kinalia." Akasikiliza tena. "Nilijua. Nilimwambia ni uvivu."

Daktari alikuwa na swali moja zaidi kabla ya kutuma vidonge, na Eliya aligeuka na simu sikioni, akamtazama Mzee Zakaria, si mimi.

"Hapana, daktari. Pombe hajaonja. Mimi ni mume wake, nalala naye nyumba moja, najua." Kisha akalirudia jibu lote, kwa sauti kubwa zaidi, ingawa sidhani kama daktari alikuwa hajasikia.