Mafundo Matatu na Dhahabu ya Kompyuta

Nilipofika miaka arobaini, hakuna kitu kingeweza kunishangaza tena. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa kujisifu pia naweza, na nina haki. Niliacha shule darasa la nne nikaenda kufungia watu miraa kwa majani ya ndizi pale mjini Maua, Meru, na kabla sijaoa nilikuwa na pikapu yangu mwenyewe. Nimeibiwa na dereva. Nimelipwa noti bandia. Nimeona mzigo mzima ukikauka uwanja wa ndege kwa sababu ndege haikuja. Kila mara nilimeza hasara, nikapangusa mdomo, kesho yake nikapakia tena.

Kitu kimoja tu ndicho kilikuwa kinanikaa rohoni: miti ya baba. Baba alituachia, mimi na ndugu yangu mdogo, shamba la miraa ya zamani, ile tunaita mbaine, miti ambayo hata baba aliikuta imezeeka. Majani yake yana bei kuliko mengine yote. Nilipotaka mtaji wa kupeleka mzigo London, niliikodisha ile miti kwa mfanyabiashara mwenzangu. Tulipatana mbele ya wazee: nikimrudishia laki tatu na nusu kabla ya mvua ya Oktoba, miti ni yetu tena. Nikikosa, ataichuma miaka mingine kumi na mitano.

Mimi nilikuwa na pikapu. Ndugu yangu alikuwa na ile miti, bibi na watoto wanne, basi. Alikubali kwa sababu mkubwa ni mimi.

"Utaikomboa kweli?" aliniuliza.

"Umewahi kuniona nikishindwa na kitu?"

"Sijawahi," akasema. "Ndiyo maana nauliza mapema."

Zamani pesa ya London ilikuja kwa mikono ya watu, na kila mkono unamega kidogo. Halafu, miaka ya tisini ikielekea kuisha, mnunuzi wangu wa huko akanitumia habari kwamba sasa atalipa kwa dhahabu. Si ya pete. Ni dhahabu iliyofungiwa kwa ghala ng'ambo, na wewe unaandikiwa kwa kompyuta kwamba una gramu kadhaa. Ukitaka shilingi, unatafuta wakala akubadilishie.

Wakala wa karibu nilimpata Embu, ghorofani, juu ya duka la rangi. Alikuwa kijana wa shati jeupe, mwenye kompyuta moja na simu moja. Nilitazama ukuta nikaona hauna kitu. Hata kinyozi wa Runyenjes ametundika leseni.

"Leseni yako iko wapi?"

"Leseni ya nini, mzee? Hii biashara serikali haijaifikia. Hakuna benki, hakuna ushuru, hakuna kupanga foleni."

Hayo maneno yalinifurahisha. Benki walikuwa wameniaibisha siku moja juu ya mwandiko wangu. Nikamjaribu kwanza: nikauza gramu chache, akanihesabia noti hapo hapo mezani. Nikazishika, nikaziinua kwa mwanga. Zilikuwa noti kweli. Nikaacha gramu zilizobaki zirundikane mpaka zitoshe kukomboa miti.

Siku ile ya kwanza aliniambia nichague neno la siri la kufungulia dhahabu yangu. Sasa hapo lazima nieleze kazi yetu. Gunia la miraa lina alama ya mwenyewe, na alama ni ya kutangazwa. Yangu ilikuwa kitambaa chekundu cha mafundo matatu. Pikapu ikiondoka Maua, nilikuwa napiga Nairobi kwa simu ya duka la pale mjini na kupaza sauti duka zima lisikie: "Yangu ni nyekundu, mafundo matatu!" Kadiri watu wengi wanavyoijua alama yako, ndivyo mwizi anavyoogopa kuigusa. Miaka ishirini hakuna aliyegusa gunia langu. Kwa hivyo wakala aliponiuliza neno, nilibonyeza mwenyewe kwa kompyuta hilo hilo, mafundo matatu.

Mwezi wa Septemba gramu zilikuwa zimetosha, na kidogo juu. Nikamwambia ndugu yangu ajitayarishe, twende kwa wazee wiki ijayo. Mchana mmoja simu ya duka ikalia.

"Mzee, ni huku Embu, ofisi ya dhahabu. Mzigo wako unatoka leo. Neno lako ni lipi, tuufungue?"

"Mafundo matatu!" nikasema, tena kwa sauti. Watu dukani wakacheka, wakajua tajiri anapokea pesa.

Nilipofika Embu, kompyuta ilikuwa imeandika sufuri.

"Neno ulimpa nani?" wakala akauliza.

"Wewe! Kwa simu."

"Mimi sijakupigia, mzee." Jasho lilikuwa linamtoka. Akasema kuna watu wa kufuatilia dhahabu iliyopotea, wanataka elfu kumi na tano. Nilimpa. Niliporudi, mlango ulikuwa na kufuli, na mwenye duka la rangi naye alikuwa anamtafuta juu ya kodi. Mpaka leo sijui kama mwizi alikuwa yeye ama mwingine.

Nikaenda polisi.

"Imeibiwa wapi, hapa ama Meru?"

"Kwa kompyuta."

"Na hiyo dhahabu yenyewe umewahi kuiona?"

"Hapana."

Askari akaweka kalamu chini. "Sasa mzee, niandike umeibiwa nini?"

Mvua ilinyesha tarehe za kawaida. Pikapu niliiuza kulipa wakulima walionipa majani kwa ahadi ya mdomo tu, ikabaki pesa ya kuanzia upya, lakini miti ilikuwa imeenda. Ndugu yangu hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alienda kwa yule aliyeichukua akaomba kazi ya kuchuma.

Mwaka uliofuata London walitaka mbaine, na mbaine nzuri ilikuwa shamba lile. Nikaenda kununua. Ndugu yangu alikuwa juu ya mti ambao baba alitufundishia kupanda, miguu imelowa, anachumia mtu mwingine kwa mshahara wa siku. Alinitazama kupitia matawi kama anavyotazama mnunuzi yeyote.

"Leo unachukua vibunda vingapi, tajiri?"

Nikamwambia. Akachuma, akashuka, akafunga vizuri kuliko mtu yeyote Maua, akanipa, akarudi mtini. Hajaniita ndugu tena tangu hapo.

Watu huniuliza hiyo dhahabu ya kompyuta ilinigharimu ngapi. Gramu zote pamoja na zile elfu kumi na tano za kufuatilia: shilingi laki tatu, elfu themanini na sita, mia nne.