Vyombo vya Muhsina

Jumwa alipopita nyumba kwa nyumba kualika, kila mlango ulimuuliza swali lile lile. Bwana harusi ni nani?

"Hakuna," alijibu Jumwa, amejitanda leso mpya kama ilivyo ada ya mwalishi. "Mwanasha anasema shughuli ni ya Muhsina, Jumamosi baada ya adhuhuri. Mtoto anaingia mwaka wa tatu chuoni na karo haijatimia. Wali utakuwapo. Mje."

"Tuje na nini?"

"Na mlichonacho," alisema Jumwa, akavuka barabara haraka kabla hajaulizwa zaidi, maana hata yeye hakuwa na hakika.

Pale kijijini Waa mwanamke haendi harusini mikono mitupu. Hubeba chombo kichwani, iwe sufuria, beseni, sinia au seti ya sahani, na vyombo hivyo hufikishwa kwa nyimbo na vigelegele hadi mbele ya mama wa bibi harusi. Mama huyo huvipokea akijua kwamba siku mwenziwe atakapooza binti, naye atabeba. Hakuna anayeandika. Kila mwanamke anayo kichwani habari ya nani alimletea nini, mpaka rangi ya beseni. Zipo nchi ambako mzazi mwenye mtoto chuoni huvaa koti akaenda benki. Kwingine huuza ng'ombe, au humtumia ndugu aliye Ulaya ujumbe mrefu wenye salamu nyingi mno. Mwanasha hakuwa na ng'ombe wala ndugu wa Ulaya. Alikuwa na vyombo katika nyumba za watu.

Tangu alipoolewa hapo kutoka Jego, hakuikosa harusi hata moja. Alisuka makuti na kuuza mihogo ya kukaanga, akanunua sufuria, akajitwika, akaenda kumwimbia binti wa mtu. Yeye Mungu alimjalia binti mmoja, Muhsina, na Muhsina hakuwa na mchumba. Alikuwa huko bara akisomea upimaji wa ardhi. Mkopo wa serikali ulilipa sehemu ya karo, nyingine ilikuwa juu ya wazazi. Kwa kawaida Iddi, baba yake, aliitoa katika mshahara wake wa bustani kwenye hoteli moja ya Diani. Lakini mvua za masika zilipoanza wageni walipungua, na watu wa bustani wakaambiwa wakae nyumbani hadi msimu urudi. Msimu ungerudi baada ya mitihani. Asiyelipa hafanyi mtihani.

Ndipo Mwanasha alipoamua kuviita vyombo vyake nyumbani.

Aliyekuja kupinga alikuwa Bi Asiya, dada mkubwa wa Iddi. Alifika bila hodi, kama alivyozoea, akasimama mlangoni akipunga upepo kwa pindo la buibui.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Nasikia unaoza."

"Ninaoza. Karibu kitini."

"Sitaki kiti. Mahari katoa nani, walimu?"

"Walimu wanataka kupewa, wifi. Hawatoi."

"Basi hiyo ni harusi ya wapi?" Bi Asiya alikaa kwenye kiti alichokikataa. "Sikiliza. Warda wangu anaolewa mwezi ujao, na bwana mzima, ana masharubu na pikipiki. Wewe ukiwamaliza watu vyombo Jumamosi, mimi watanibebea nini? Vijiko?"

"Watakubebea vyako. Mimi naita vyangu. Hata kwako kuna sufuria yangu, ile kubwa ya masikio mawili. Niliileta ulipomwoza Ummulkheir."

"Naikumbuka. Ina kibonyeo ubavuni."

"Kibonyeo umekitia wewe."

Bi Asiya alitazama pembeni. "Chuo hakimpi mtu mjukuu," alisema.

"Kitampa kazi. Mjukuu atakuja kwa miguu yake."

Aliondoka bila kusema atakuja au haji. Mwanasha alibaki akipepeta mchele, akijua kwamba wanawake wengi pale humtazama Bi Asiya kwanza ndipo watie mguu.

Muhsina alifika kutoka bara Ijumaa, kavaa viatu vya kazi na mkoba mgongoni. Alipoambiwa kwamba atakalishwa mkekani kama bibi harusi, alishika kichwa.

"Mama, wenzangu wakisikia watanicheka."

"Waambie mamako amekuoza vizuri."

"Hina sipaki."

"Vidole tu."

"Vidole tu, basi," alisema Muhsina, na vidole vikapakwa hadi vifundo.

Jumamosi adhuhuri ikapita, wali ukaiva, ua ukabaki mtupu. Iddi aliutazama mlango wa ua mara nyingi akijifanya anapanga viti. Kisha ikasikika sauti ya Jumwa kutoka upande wa barabara, inaimba kwamba bibi harusi wetu haogopi miiba, anapima shamba, mwenye jembe na amngoje. Nyuma yake wanawake waliitikia. Wakaingia kwa safu, beseni juu ya beseni, masinia yakimetameta, chupa za chai zimefungwa riboni kama maharusi. Kila mmoja alitua chombo mbele ya Muhsina, akataja jina lake na harusi ambayo Mwanasha alimwendea. Wengine walikuwa wametoka Tiwi. Rundo lilipanda mpaka likamficha Muhsina kifuani, naye aliyekuwa akiona haya sasa alikuwa akifuta macho kwa kiganja ili hina isimchafue.

Wa mwisho aliingia Bi Asiya. Kichwani alikuwa na ile sufuria ya masikio mawili, imesuguliwa hadi inang'aa, na kibonyeo chake. Aliitua kwa kishindo.

"Huyo bwana harusi wenu, chuo, akishindwa kula," alisema, "mkaangie makaratasi yake humu."

Ua mzima ukacheka, na Mwanasha akacheka kuliko wote. Furaha aliyokuwa nayo hakuijua hata siku ya harusi yake. Mtoto wake hakuwa ameolewa na mtu, na bado watu walikuwa wamekuja kwa ajili ya kichwa chake.

Wageni walipoondoka, alikaa mkekani katikati ya vyombo, na hapo ndipo alipoliona kosa lake. Hapakuwa na hata shilingi. Alikuwa amedhani kwamba wakisikia habari ya karo wataleta pesa. Hakufikiri kama wanavyofikiri wao, tena naye mwenyewe alifikiri hivyo hivyo miaka yote. Aliyeletewa sufuria hurudisha sufuria. Kumpa pesa ni kumlipa kama mwenye duka, ni kumwambia hatujuani tena. Walimheshimu kikamilifu, na akiba yote ya nyumba ilikuwa imeishia kwenye wali.

"Pale Ukunda kuna mtu ananunua vyombo," alisema Iddi polepole.

"Waende sokoni wakute sufuria zao zimepangwa chini? Tutahama Waa sisi?"

"Basi tuwapelekee chuo mabeseni."

Walicheka wote wawili, kisha wakaacha. Muhsina alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake.

"Naweza kuahirisha mwaka mmoja, mama. Wapo waliofanya hivyo. Nitatafuta kibarua, nirudi mwakani."

Mwanasha alikuwa amewaona walioahirisha mwaka mmoja. Mmoja alikuwa akiuza kadi za simu kituoni Ukunda, mwenye akili nyingi, na mwaka wake mmoja haukuwahi kwisha.

"Weka mkoba chini," alimwambia. "Bibi harusi harudishwi."

Lakini hakujua atafanya nini. Jumapili alivipanga vyombo chumbani kwa Muhsina kuanzia sakafu hadi dirishani, na kila alichokishika kilimwambia jambo lile lile, kwamba ni kizima na hakina kazi.

Jumatatu asubuhi alikuja Bi Asiya, safari hii kwa hodi. Alikubali kiti mara moja. Aliuliza hali ya Muhsina, hali ya Iddi, hali ya kuku. Mwanasha akamngoja.

"Wale wa Ukunda wanaokodisha vyombo vya shughuli wamenitajia bei," alisema Bi Asiya mwishowe. "Kwa masufuria na sahani tu nimalize mahari ya mtoto. Bado hawajaweka gari. Sasa wewe una nyumba imejaa. Niazime, wifi, kwa harusi ya Warda."

Katika maisha yake Mwanasha hakuwahi kumnyima mtu chombo, sembuse dada wa mumewe. Aliwaza jibu ambalo mdomo wake ulilizoea, akalirudisha ndani.

"Kuazima hapana, wifi," alisema. "Kukodi ndiyo."

Bi Asiya alimtazama kama aliyesikia mbuzi anasema. "Hata ile ya kwangu?"

"Ile uliileta Jumamosi mbele ya watu wote. Sasa ni ya Muhsina."

Iddi, aliyekuwa uani akifagia, akaacha kufagia. Kisha mabega ya Bi Asiya yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Wallahi, ndugu yangu hakuoa mke. Alioa duka." Alifungua fundo la pindo la leso yake. "Haya, bei ya wifi ni ipi?"

"Nusu ya Ukunda. Na baba Muhsina atakuletea mpaka mlangoni."

"Na sahani ikivunjika?"

"Sahani ikivunjika hakuna wifi."

Alilipa hapo hapo. Jioni pesa zilikwenda chuoni kwa simu, na ingawa hazikutimiza deni lote, zilitosha jina la Muhsina kubaki kwenye orodha ya mitihani. Alipanda basi kesho yake, hina ikiwa bado vidoleni.

Harusi ya Warda ililiwa kwenye vyombo vya Muhsina, na wageni wakauliza vimetoka wapi. Jumwa, ambaye kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba, akawa anaalika na kutangaza kwa pumzi moja. Wale walioleta vyombo hawakukasirika. Walijisifu. "Hilo beseni la kijani ni langu," mwanamke angemwambia jirani yake penye hitima ya watu wasiowajua, "linasomesha mpimaji." Iddi alivizungushia vyombo vyote mstari wa rangi nyekundu ili visipotee, akavisukuma kwa mkokoteni hadi Tiwi, na kwa pikipiki ya matairi matatu hadi Msambweni. Mara moja vilifika Jego, na Mwanasha akavifuata mwenyewe, akakaa kwao mbele ya ndugu zake bila kueleza kwa nini anatabasamu. Hoteli ilipomwita tena Iddi, alirudi bustanini, ila siku za harusi aliomba ruhusa.

Muhsina alihitimu. Picha ya joho imetundikwa ukutani juu ya sufuria ya masikio mawili, ambayo haikodishwi tena.

Mwaka huu Bi Asiya aligombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba la minazi alilorithi. Alikuja akamkuta Muhsina nyumbani, akamwamkia kabla ya kuamkiwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Shikamoo, shangazi," alisema Muhsina kwa haraka.

"Marahaba, mwanangu. Nina shamba la kupimwa. Tena usiniambie, najua. Kuazima hapana."

Muhsina alimgeukia mama yake.

"Usinitazame mimi," alisema Mwanasha, akisugua sinia kwa kumbi la nazi. "Mimi nakodisha masufuria tu."

Walikwenda shambani asubuhi. Jirani alikuja na wanawe, na wanawake wa Waa wakaja kwa sababu wote walikuwa na beseni ndani ya jambo hilo. Walikuwa wamezoea kuwaona wapimaji, watu wanaotoka mbali, wanaochungulia kwenye kifaa cha miguu mitatu na kuondoka bila kusema walichokiona. Huyu aliongea Kidigo. Kila alipoweka alama, aliwaita wenye shamba wa pande zote mbili waje wachungulie wenyewe. Kijana wake wa kushika fimbo ya vipimo alikuwa mgonjwa, hivyo alimpa mama yake.

"Isilale hata kidogo, mama. Simama wima."

Mwanasha alisimama kwenye mpaka, fimbo mbele yake, jua likimpiga usoni. Upande wa pili wa shamba binti yake aliinama, akafumba jicho moja, akamtazama.

"Wima zaidi?" aliuliza Mwanasha.

"Hapo hapo," alisema Muhsina. "Usitikisike."

Hakutikisika.