Gauni Lililouzwa Bila Kubishana

Pale Southwark, ng'ambo ya mto kutoka jiji la London, hakuna aliyefurahia kupatana bei na Thomasin Fludd. Alikuwa mjane mfupi, mwenye macho ya mtu aliyewahi kudanganywa mara moja na kuapa kwamba imetosha. Kazi yake ilikuwa kuwavalisha waigizaji wa Bwana Hollins: wafalme, majemadari, mizuka, na hasa malkia. Wanawake hawakuruhusiwa kupanda jukwaani, kwa hiyo kila malkia, chini ya poda na nywele za bandia, alikuwa mvulana ambaye sauti yake haijavunjika.

Nguo za kifalme alizipata kwa wajakazi. Bibi mkubwa akifa, humwachia mjakazi wake gauni. Lakini mjakazi atalifanyia nini? Sheria inamkataza kuvaa mahameli. Akionekana nayo barabarani, atakamatwa. Basi hulibeba chini ya shuka mpaka kwa Thomasin, na hapo ndipo mvutano huanza. Mmoja husifu, mwingine hubeza. Mmoja hujifanya anaondoka, mwingine hujifanya hamwoni. Bila hayo, hakuna biashara.

Ndiyo maana alipaswa kushtuka siku ile mjakazi Ursula Pyke alipomletea gauni jekundu la mahameli, limetariziwa dhahabu kifuani.

"Bibi yangu kaanguka kwenye farasi, maskini," alisema Ursula, amesimama mlangoni.

Thomasin akaguna, akataja bei ya kumtukana mtu, bei ya kuanzia tu.

"Haya. Lete," akajibu Ursula. Akapokea, akaondoka mbio.

Thomasin alifurahi kama mwizi. Akajisifu mpaka jioni.

Kesho yake asubuhi, Perkin Dawe alikuwa wa kwanza kulijaribu. Perkin ndiye aliyekuwa malkia wa kundi zima. Thomasin alimlea tangu mama yake alipofariki, na hakuna siku aliyokiri kwamba anampenda.

"Mama Fludd, nitazame! Leo hata wale wala njugu wa mbele watanyamaza."

"Watanyamaza kwa kukuonea huruma. Vua, nilipunguze kiunoni."

Perkin akavua, akaenda kukariri maneno yake. Thomasin akalipindua gauni, akaanza kufumua bitana. Vidole vyake vikagusa kitu kigumu, kimeshonewa upande wa moyo. Akakata uzi. Likamwangukia mapajani ganda la kokwa ya jozi lililozibwa kwa nta. Akalitikisa. Ndani kulikuwa na kitu kizito kinachoteleza.

Zebaki.

Kila mtu wa London alijua zebaki ndani ya ganda la jozi ni hirizi ya kukinga ugonjwa gani. Hakuna anayeivaa kwa kuogopa farasi. Akaliinua gauni, akalinusa. Chini ya manukato kulikuwa na siki, siki kali, ile ya kusafishia chumba cha mgonjwa. Ndipo alipoikumbuka bei. Mtu asiyebishana hauzi kitu, anakitupa.

Labda bibi yule alikuwa mwoga tu, alijiambia. Waoga ni wengi. Lakini kwapa lake likaanza kumwasha, na hakuthubutu kujikuna.

Akalisukumia gauni chini ya meza, akavuka daraja kwenda nyumbani kwa bibi yake Ursula. Hakufika mlangoni. Wazee wawili wa kike walikuwa wakitoka humo, kila mmoja na fimbo nyekundu mkononi, na watu mtaani waliwapisha huku wamejibana ukutani. Hao ndio waliolipwa kukagua maiti na kusema kilichoua. Nyuma yao fundi alikuwa akipigilia ubao mlangoni.

"Si alianguka kwenye farasi?" Thomasin alimuuliza muuza matufaha.

"Farasi gani, mama? Yule hata punda hakuwahi kumpanda. Ni tauni. Mjakazi wake naye yumo humo, wamefungiwa pamoja. Unamsikia?"

Thomasin alimsikia. Akageuka, akakimbia.

Darajani aliiona bendera ikipepea juu ya paa la jumba la michezo. Mchezo uko, basi. Tarumbeta ikalia. Watu walikuwa wakimiminika, na yeye akijipenyeza katikati yao, akiwaona wote wakicheka, akitamani kupiga kelele na asiweze. Jumba lile lilikuwa na milango miwili myembamba. Ukilitamka neno tauni mle ndani, watu watakanyagana mpaka wafe kabla ugonjwa haujamgusa hata mmoja.

Alipoingia chumba cha mavazi, Perkin alikuwa amesimama mbele ya kioo, taji kichwani, ndani ya gauni jekundu.

"Ulilificha wapi, mama? Nimelitafuta mpaka chini ya meza!"

"Vua."

"Tarumbeta imeshalia."

"Nimesema vua!"

"Thomasin, una wazimu?" Bwana Hollins alikuja na ndevu zake zote. "Bendera iko juu. Mwache malkia wangu."

Thomasin hakubishana. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakubishana. Alichukua mkasi mkubwa, akamshika Perkin bega, akalichana gauni mgongoni toka shingoni mpaka pindoni. Chumba kizima kikapiga yowe. Perkin akabaki na shati lake, amejikunyata kwa aibu.

"Utanilipa hilo!" Hollins akafoka.

Thomasin akamvuta sikio, akamnong'oneza neno lile moja. Uso wa Hollins ukageuka rangi ya unga.

"Nani amelishika?" akauliza polepole.

"Mimi na yeye tu. Sasa nisikilize. Natoka na mtoto kwa mlango wa nyuma, tunajifungia kwangu. Wewe hujaona kitu. Chakula utaniwekea kizingitini, nyama, si mabaki. Wakuu wakijua, watawafungia nyote humu, wazima na wagonjwa."

"Na malkia?"

"Nyoa ndevu."

Alilibeba gauni kwa koleo. Kando ya mto, mafundi wa mashua walikuwa wakichemsha lami. Akalitupa motoni bila kuomba ruhusa. Mahameli ikalia tss. Perkin akatazama dhahabu ikiyeyuka. Alikuwa ameelewa.

Chumba cha Thomasin kilikuwa na dirisha dogo na ukuta unaovuja. Kila asubuhi walikaguana shingo na makwapa, bila kutazamana usoni. Kila asubuhi alimsikia Perkin akishusha pumzi, naye akishusha yake kimyakimya.

Kisha asubuhi moja Perkin aliamka ana moto.

"Mama, nakufa?"

"Funga mdomo. Inua mkono." Alipapasa haraka mno hata akaruka mahali. Akaanza upya: kwapa, kinena, nyuma ya sikio. Hakuona uvimbe. Hilo halikumtuliza, uvimbe huweza kuchelewa. Akamfunika blanketi lake mwenyewe, akakaa sakafuni, akiulaani mdomo wake uliotaja bei ile, na mkono wake uliopokea gauni. Laiti angejiuliza swali moja tu. Kwa nini rahisi hivi?

Alijaribu hata kupatana na Mungu. Akagundua hana cha kumpa ila nafsi yake mwenyewe, akamtajia hiyo.

Perkin alitokwa jasho, akaanza kupiga chafya. Akapiga chafya mfululizo, makamasi yakimtiririka, na Thomasin akautazama ukuta unaovuja, pale pale mtoto alipolalia. Mafua. Mafua ya kawaida, ya kijinga kabisa.

Chini, Hollins alikuwa ameweka kikapu na kurudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara. Kidevu chake kilikuwa cheupe kama yai.

"Malkia wangu anaendeleaje?" akapaza sauti.

Perkin akajivuta mpaka dirishani. "Nimesikia umeimba kama mbuzi! Na huu mkate ni mgumu!"

"Anatukana," akasema Hollins.

"Anatukana," akajibu Thomasin. "Lakini mlango haufunguliwi. Bado. Na kesho lete mkate laini."