Mtunza Mikoba wa Wasafiri Asubiri Zamu Yake Dirishani

Saa moja kasorobo asubuhi, foleni ya waombaji viza nje ya ubalozi imeshapinda kona, na Mama Mikoba ananadi kazi yake bila kupumua.

"Simu hapa! Begi hapa! Ndani hawataki hata kiberiti. Njoo, baba, usinipite kama hunioni."

Kijana mmoja aliyevaa suti anamkabidhi simu yake, lakini bado ameing'ang'ania. "Mama, nikitoka nitakukuta kweli?"

"Nikuache niende wapi, mwanangu? Anayesafiri ni wewe."

Simu inaingia kwenye mfuko wa kitambaa wenye kibati cha namba, na kibati pacha anapewa mwenyewe. Mtaji wa mama huyu ni benchi, mwavuli na kabati la bati lenye kufuli mbili. Foleni ikiwa ndefu, anapata cha kula na cha kuweka. Ofisi ikifungwa, anakula alichoweka.

Lakini hamwachi mtu aende hivihivi.

"Fomu umejaza mwenyewe?"

"Kuna kaka kanisaidia."

"Umesoma alichoandika?"

Kijana anatikisa kichwa.

"Haya, kaa hapo usome. Ukiitwa dirishani huyo kaka hatakuwepo, na sahihi ni yako."

Usidhani ni umbea. Yalimkuta. Binti yake wa pekee, muuguzi, yuko ng'ambo mwaka wa saba sasa, na huko amejifungua mtoto wa kike. Mtoto ana miaka minne, na bibi yake hajawahi kumgusa hata kidole.

Mwaka juzi binti alituma barua ya mwaliko. Akajitokeza dalali mmoja, mdomo asali tupu, akamwambia mama kwamba mtu wa benchi la barabarani hapewi viza hata akeshe. Akamjazia fomu: mmiliki wa duka la vipuri, wafanyakazi sita. Mama akatia sahihi bila kusoma.

"Ofisa akaniuliza wafanyakazi wangu nawalipaje," anasimulia. "Nikamwambia, wafanyakazi gani tena, mwanangu? Mimi si niko hapo nje! Fungua dirisha utaliona benchi langu!"

Anacheka mpaka anashika kiuno. Kisha kicheko kinakatika.

"Nyumbani nililia kama nimefiwa. Nguo za mtoto nilishazikunja kwenye begi."

Dalali hakuonekana tena. Barua ya kukataliwa ilieleza sababu: maelezo si ya kweli. Mwisho wake ilisema anaruhusiwa kuomba upya. Sasa ameomba, na fomu amejaza kwa mkono wake. Ameandika kazi yake ilivyo, na ule uongo wa kwanza ameueleza pia, ingawa anajua unaweza kumponza.

"Haki ninayo. Niulizwe kwa heshima, swali nisiloelewa nirudiwe, nikikataliwa niambiwe kwa nini," anasema. "Lakini kusema kweli ni juu yangu. Siwezi kumsukumia dalali, wala binti yangu."

Kabla ya adhuhuri simu yake mwenyewe inaita. Kwenye kioo kilichopasuka inatokea sura ndogo, mashavu yamejaa mkate.

"Bibi, toka humo kwenye simu!"

"Naja, mke mwenzangu. Naja."

Simu inakatika. Mama anaipangusa kwa ncha ya kanga.

Miadi yake ni Jumanne. Naye, kama wateja wake, haruhusiwi kuingia na simu. Wa kumwachia ni mmoja tu: mzee wa ng'ambo ya barabara aitwaye Kofia, ambaye naye hutunza mikoba, na ambaye amegombania naye wateja miaka nenda rudi.

"Nitamtoza kama wengine," anasema Kofia kwa sauti, makusudi asikike. Kisha anaishusha. "Akipewa, namrudishia simu yake. Akinyimwa, namrudishia na chai juu. Lakini wampe, jamani. Mtoto anakua."

Na ofisa akimuuliza mama kitu gani kitamrudisha nyumbani?

"Kabati langu. Kofia nampa ufunguo wa kufuli moja tu. Nikichelewa kurudi si ataliuza hivyohivyo lilivyofungwa!"

Mwanamke mmoja anafika na begi. Mama analinyanyua mara moja. "Kilo kumi na mbili," anasema, na wote wanacheka, maana huwa hakosei.

Akipewa viza, anataka kufika siku ya mapumziko ya binti, ili binti asiwe anakimbilia kazini, naye mama apate kukaa chini kabla hajapewa mtoto.

"Mizigo ya watu yote naijua uzito," anasema, akisukuma begi chini ya benchi. "Huyo wangu ndiye sijui. Labda ni mzito. Labda nitashindwa hata kumbeba."