Kuusafisha Uso wa Baba

Jambo la kwanza wanalofundisha kwenye video za kuhariri picha ni kwamba usiiguse picha ya asili. Tengeneza nakala, ile ya kwanza iache ilivyo, halafu ndiyo uanze vurugu zako. Hilo nililishika. Mengine niliyaruka, kwa sababu mwalimu aliongea polepole mno, na wiki ile sikuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe.

Mama alikuwa amenipigia simu kutoka kijijini, upande wa Kongwa. Hakuomba sukari wala dawa. Alisema, "Mwanangu, sura ya baba yako inanitoka. Nikifumba macho naona koti lake tu."

Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Picha yake ilikuwa moja, ndogo kama ya kitambulisho, imekunjika shavuni na ina doa la chai, na macho ya mama hayakuweza tena kuisoma. Dada yangu mkubwa aliniletea nyumbani kwangu mjini, Makole, akaagiza niikuze na kuitengeneza kabla mama hajaja Jumamosi, maana mimi ndiye wa kompyuta. Wa kompyuta! Ofisini kwangu Mtumba nilikuwa naandika barua na kupunguza ukubwa wa picha za mikutano, basi.

Nikajifunza hivyo hivyo. Ukiivuta picha karibu sana unabaki na vidoti na mtu humwoni, kwa hiyo kila ukirekebisha kidogo, rudi uitazame nzima. Kila rekebisho liwekee tabaka lake, kama karatasi ya nailoni juu ya picha, ili ukikosea uondoe hilo moja tu. Mwangaza uongeze kidogo kidogo, kama chumvi. Na hifadhi kazi yako, hifadhi tena, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu hauagi. Hilo la mwisho sikufundishwa na video. Nilipoteza mchana mzima wa kuziba ule mkunjo wa shavuni, nikatukana peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Sikutulia. Nakaa, nainuka, nachungulia dirishani, upepo unamwaga vumbi kwenye kibodi, nafuta, nakaa tena. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mimi mwenyewe simkumbuki baba. Nilikuwa natengeneza uso nisioujua kwa ajili ya mtu anayeusahau, na Jumamosi ilikuwa inakuja mbio.

Dada alipita Ijumaa, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Mng'arishe. Mtoe hayo madoa. Halafu mvalishe tai."

"Dada, baba alivaa tai lini?"

"Atavaa leo."

Tai niliikataa. Madoa tulikubaliana. Programu ina kitufe cha kusafisha uso: ukikibonyeza, inatafuta yenyewe kila kasoro na kuiziba kwa rangi ya ngozi iliyo jirani. Nikabonyeza. Doa la chai likatoweka, ngozi ikawa laini, na dada akapiga makofi. Nami nilipumua.

Mama alifika, tukamwamkia, akaitikia huku akikataa maji. Alitaka picha. Nikamgeuzia kompyuta. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Kijana mzuri," alisema kwa ule upole anaowapa watu baki. "Wa nani?"

Dada alianza kueleza mambo ya mwangaza. Mama hakumsikiliza, aliweka kidole katikati ya paji la uso wake mwenyewe, kwenye kovu la mviringo ambalo Wagogo wengi wa rika lake walitiwa utotoni.

"Alama yake iko wapi?"

Programu ilikuwa imeliona kovu la baba, ikalihesabu kasoro. Sisi wawili, wenye mapaji matupu, tulikuwa tumelitazama likifutika na hatukuona kitu.

Nikaanza kuondoa matabaka. Mwangaza ukapungua. "Bado," mama akasema. Nikaondoa ule usafi wa kitufe, doa la chai likarudi kidevuni, mashavu yakakauka, na kovu likarudi mahali pake.

"Hapo. Acha mkono."

Nikaacha. Mama alivuta kiti hadi magoti yakagusa meza. Kwa mara ya kwanza wiki ile sikutaka kuinuka. Kisha akaanza kumsemesha baba kwa Kigogo, kwa sauti ya chini, kama tumetoka chumbani.

"Wewe umebaki kijana," alimwambia. "Nitazame mimi."

Akavua kitambaa kichwani, akainamisha nywele zake nyeupe karibu na kioo cha kompyuta ili baba azione.